Serikali, misheni au binafsi: ukiumwa Mtwara au Lindi uende wapi?

Hela za korosho zikiingia kwenye akaunti, zahanati binafsi za mjini Mtwara zinajaa, ikifika mwezi wa tatu wa nne watu wale wale unawakuta kwenye mabenchi ya Ligula, hospitali ya serikali ya mkoa. Yaani wengi wetu hatuchagui hospitali, mfuko ndo unatuchagulia. Mwenye nazo anaenda binafsi maana anaamini cha bei ndo bora, asiye nazo anaenda serikali huku ananung'unika njia nzima. Mi nimeuguza sehemu zote, mama yangu mzazi ana presha, watoto ninao, na nilipofikia ni hivi: kuna ugonjwa nikiupata leo nalipa binafsi bila kujiuliza mara mbili, na kuna ugonjwa ambao hata ukinilipia wewe hiyo binafsi siendi. Ntaeleza kwa nini.

Huku kusini makundi ni matatu

Ukiwasikiliza watu wa Dar wakibishana ni serikali au binafsi, basi. Huku kwetu ukiiacha misheni umeacha nusu ya habari.

Serikali unaijua, zahanati za vijijini, vituo vya afya, hospitali za wilaya kama Newala, Tandahimba, Nachingwea, Mkomaindo pale Masasi, juu yake hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, alafu juu kabisa ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Misheni ndo Ndanda na Nyangao, zote ziko kwenye barabara ile ile ya kutoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, ukiongeza na Mnero upande wa Nachingwea na Kipatimu upande wa Kilwa. Hizi kwenye makaratasi sio za serikali, unalipia, lakini hazifanyi kazi kama biashara ya mtu, na baadhi ya hospitali za misheni nchi hii zina mkataba na serikali kiasi kwamba unakuta wafanyakazi wengine wanalipwa mshahara na halmashauri. Alafu ndo inakuja binafsi yenyewe, na hapa naomba tuelewane vizuri, huku kwetu ukisema binafsi mara nyingi unaongelea zahanati, kliniki au kituo cha afya cha mjini. Hatuongelei yale maghorofa ya Dar yenye ICU, vyumba vya wagonjwa mahututi, na mabingwa wa kila kiungo. Mtu anasoma mtandaoni kwamba binafsi zina vifaa vya kisasa, anaingia kwenye nyumba ya vyumba sita Masasi mjini akitegemea avikute humo.

Foleni na lugha

Hapa binafsi wanashinda na sioni sababu ya kubishana. Unaingia, dada wa mapokezi anakuamkia, unakaa kwenye kiti chenye mto, feni inazunguka, presha umeshapimwa kabla hujaeleza shida, na dokta anakusikiliza mpaka unamaliza. Ukitoka unahisi umepona nusu.

Serikali ni kitu kingine. Unafika saa moja asubuhi, unakuta wenzako wamefika saa kumi na moja, unachukua namba, unakaa. Madaktari wanaanza na kikao cha asubuhi, wengine wanapita wodini kwanza, kwa hiyo mpaka chumba cha dokta kianze kuita majina jua limeshapanda. Alafu sio foleni moja, ni foleni nne, ya kufungua faili, ya dokta, ya maabara, ya dawa, na katikati kuna kwenda kulipa, unapewa kontrol namba, mtandao ukisumbua mnasubiriana wote hapo na wakala wa nje. Ila kuna ujanja ambao watu hawautumii, kama tatizo lako sio la haraka na sio siku ya kliniki maalum nenda mchana saa saba saa nane, wengi wanakuwa wameshaondoka. Kinachobaki ni kwamba vipimo vingine damu inatakiwa asubuhi kabla hujala, kwa hiyo uliza kwanza.

Lugha ya manesi wa serikali ndo inayowakimbiza watu kuliko hata foleni. Na kweli wapo wenye midomo. Nilishasimama dirisha la dawa nyuma ya bibi mmoja, katoka kijijini, kitenge kimefungwa vizuri, karatasi kashika kwa mikono miwili.

"Bibi, hii ya pili hatuna, kanunue nje."

"Nje wapi mwanangu?"

"Nje bibi, si umepita hapo getini? Hukuona maduka? Haya, anayefuata."

Bibi akabaki pale pembeni anaangalia karatasi ambayo hawezi kuisoma. Hakutukanwa, hakusukumwa, ila ile "anayefuata" ilitosha. Sasa yule dada wa dirishani nae ukikaa upande wake, alikuwa peke yake na mstari unafika mlangoni. Simtetei, nasema tu kwamba ukimhamishia binafsi kesho, awe na wagonjwa ishirini kwa siku badala ya hao, utashangaa jinsi anavyojua kucheka.

Misheni wako katikati, na wao foleni zipo hasa Ndanda maana watu wanatoka mbali, ila nidhamu ya kazi ni kubwa, mazingira masafi, na mtu akikosea anaulizwa siku hiyo hiyo.

Vipimo, na hii habari ya malaria mbili taifodi na UTI

Hapa ndo naomba usome polepole maana hapa hela nyingi zinapotea.

Umeamka na homa, kichwa, mwili hauna nguvu. Unaenda zahanati ya binafsi. Dokta anakuandikia vipimo vinne vitano, baada ya nusu saa majibu yanakuja: malaria mbili, taifodi ipo, mkojo mchafu. Karatasi imejaa. Unatoka na mseto, sindano za seftriaksoni za siku tano, dawa ya mkojo, vitamini, na dripu moja ya maji umetundikiwa hapo hapo "kukuongezea nguvu". Siku ya tatu una nafuu na unasema wale jamaa wako vizuri.

Jirani yako mwenye homa kama ya kwako kaenda kituo cha afya cha serikali. Katobolewa kidole, kipimo cha haraka cha malaria kimesoma hamna, dokta kamuangalia koo na kifua, kampa panadol na kumwambia anywe maji na arudi baada ya siku mbili kama homa haijashuka. Anatoka amekasirika, anasema "hawajanipima chochote". Siku ya tatu nae ana nafuu.

Nani katibiwa vizuri? Watu tisa kati ya kumi watakwambia wa kwanza. Mi nasema inawezekana kabisa ni wa pili. Kipimo cha taifodi kinachotumika sana mitaani, kile cha Widal, kinaangalia kinga ya mwili na sio mdudu mwenyewe, kwa hiyo mtu aliyewahi kuumwa zamani au aliyewahi kuchanjwa anaweza kusoma "anayo" bila kuumwa taifodi leo. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu, na hicho hakitoki baada ya nusu saa, kinachukua siku kadhaa. Sasa mtu akikwambia una taifodi kwa karatasi ya nusu saa na hapo hapo anakuchoma antibaiotiki kali ya siku tano, muulize. Zile sindano zikizoeleka kwa kila homa siku ukiumwa kweli hazitafanya kazi.

Malaria nayo huku kwetu sio mchezo, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta Mtwara asilimia 20 ya watoto chini ya miaka mitano wana vimelea, tukawa wa pili nyuma ya Tabora wenye 23. Kwa hiyo simwambii mtu adharau homa. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, na kipimo kikisema ipo ameze mseto amalize dozi. Ila ndo sababu pia dokta mzuri hasimami kwenye malaria tu, maana mtoto wa huku anaweza kuwa na vimelea na bado kinachomuua ni nimonia. Ukiona dokta, awe wa serikali au wa binafsi, anahesabu pumzi za mtoto, anamfunua shati, anamuangalia macho na viganja kama damu imepungua, hapo umefika. Ukiona kaandika vipimo kabla hajamgusa mtoto, hata kama ofisi ina kiyoyozi, jiulize.

Kosa la serikali kwenye vipimo ni la upande mwingine. Wao wanapima kidogo mno, mara kitendanishi kimeisha, mara mashine mbovu, mara mtaalam wa ultrasaundi yuko safari, na unaambiwa nenda kapime nje uje na majibu. Hilo limeshanitokea kwenye hospitali moja ya serikali, sitaitaja, tulitumwa nje kwa kipimo cha figo na njia nzima nikawa nawaza kama ningekuwa sina hela ya bajaji ingekuwaje. Ila kwa vipimo vikubwa hali imebadilika sana. Zile fedha za mkopo wa IMF za 2021, zile za Uviko, zilijenga majengo ya dharura na ICU na kuleta CT-scan kwenye hospitali za rufaa, na ujio wa hospitali ya kanda Mitengo umepunguza safari za Dar. Mtu akigonga kichwa kwenye bodaboda leo picha ya ubongo anaipata serikalini, kule kwenye zahanati ya kulipia hataipata hata akibeba gunia la hela.

Dawa

Fupi tu. Binafsi dawa ipo muda wote maana ni biashara, na kwa sababu ni biashara utaandikiwa nyingi. Serikali dawa inategemea mzigo wa MSD, Bohari ya Dawa ya serikali, umefika lini, na bohari ya kanda iko hapa hapa Mtwara lakini bado kuna wiki unaambiwa kanunue nje. Dawa za TB na za VVU ni bure na mara nyingi hazikosekani serikalini, hizo usikimbilie kwingine. Omba uandikiwe jina halisi la dawa na sio jina la kampuni, alafu ulizia famasi mbili, tofauti ya bei utaiona mwenyewe. Na yule bibi wa dirishani, kama unamuona mtu kama huyo, mpeleke hadi dukani, ni dakika tano tu.

Usiku, damu na tieta

Hapa meza inapinduka.

Binafsi nyingi za huku saa nne usiku geti limefungwa au kuna nesi mmoja na mlinzi. Dokta yupo kwenye simu. Sasa mtu kapata ajali, au anatapika damu, au mama mjamzito anavuja, unapoteza nusu saa kugonga geti, unaingia, wanamtundikia dripu, wanapiga simu, dokta anafika anasema "mpelekeni Ligula". Umelipia dripu na umepoteza saa nzima. Kwa dharura ya kweli pita moja kwa moja hospitali kubwa, ya serikali au ya misheni, iliyo karibu. Pale kuna zamu ya usiku, kuna tieta, yaani chumba cha upasuaji, kuna mtu wa usingizi, kuna oksijeni, kuna benki ya damu, na Mpango wa Damu Salama una kituo chake cha kanda hapa Mtwara. Damu haiuzwi, mtu akikudai hela ya chupa ya damu ujue ni hela yake ya mfukoni. Watakachokuomba ni ndugu wachangie kurudisha, na hilo ni haki, nenda na vijana wawili wenye afya.

Kuna kitu kingine ambacho watu wanakisema vibaya, eti "kule serikalini watu wanakufa sana, binafsi hawafi". Jamani. Binafsi ikiona mgonjwa anaelekea kubaya inamuandikia rufaa. Anafika serikalini taabani, anafia pale, na kifo kinaandikwa pale. Ukihesabu vifo bila kuuliza mgonjwa alifika akiwa na hali gani, hospitali inayopokea walioshindikana itaonekana mbaya kila siku. Kipimo changu kwa kituo cha binafsi ni hiki, je wanajua kuachia mapema? Dokta wa binafsi anayekwambia saa mbili usiku "hapa kwangu siwezi, nenda sasa hivi, nimeshawapigia" huyo mheshimu sana, kuliko anayekung'ang'ania siku tatu mpaka hela iishe.

Na madaktari wenyewe mara nyingi ni wale wale. Yule aliyekuona asubuhi serikalini kwa dakika nne, jioni unamkuta kliniki ya mjini anakupa dakika ishirini. Ujuzi ni ule ule, umenunua muda wake. Kwa ushauri, kwa kusomewa majibu, kwa ugonjwa wa aibu ambao hutaki kuongea huku mlango uko wazi, huo muda una thamani na mi naulipia. Ila uliza unayemuona ni nani, huku kila mwenye koti jeupe tunamwita dokta, wakati anaweza kuwa tabibu, daktari msaidizi, daktari kamili au bingwa. Tabibu mzoefu wa kijijini anaweza kukutibu malaria vizuri kuliko bingwa, lakini uvimbe kwenye titi sio wa kwake. Na mabingwa nao siku hizi wanazungushwa, toka 2024 ile kambi ya Madaktari Bingwa wa Dkt. Samia inapita kwenye hospitali za wilaya, wanakaa siku kadhaa, sikiliza tangazo la halmashauri yenu maana watu wanapanda basi kwenda Dar kumtafuta bingwa ambaye wiki ijayo anakuja Tandahimba.

Kujifungua

Hii ndo naulizwa sana na dada zangu, kwa hiyo ntakaa hapa kidogo.

Kisera mama mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Kiuhalisia mama anaambiwa aje na vifaa, glavu, pamba, mpira wa kulalia, nyembe, vibanio vya kitovu, uzi, wengine na sindano ya kuzuia damu. Mwezi wa saba wa mimba uliza kliniki wanataka nini hasa, nunua kidogo kidogo, usisubiri uchungu uanze ndo mume aanze kugonga maduka. Binafsi unalipa yote ila unapata chumba, ndugu wa kukaa nae, na maji ya moto asubuhi. Ukienda leba ya serikali ya mkoa siku ya wengi unaweza kulala wawili kitanda kimoja, hilo lipo.

Kwa hiyo kama mimba yako ya pili au ya tatu, zote zilienda sawa, presha nzuri, mtoto kakaa vizuri, na kuna kituo cha binafsi au cha misheni karibu ambacho unakiamini, nenda kajifungulie kwa raha yako. Ila kabla hujalipa chochote waulize haya bila aibu: usiku wa Jumapili nani yuko hapa? Mkunga wangapi kwa zamu? Mnafanya upasuaji hapa hapa au mnapeleka? Mtu wa usingizi analala wapi? Damu mnayo kwenye friji au mnaifuata? Mtoto akizaliwa hajalia mna nini? Akikujibu "usijali mama, Mungu yupo", shukuru, toka.

Mimba ya kwanza, mapacha, umewahi kupasuliwa, presha inapanda, miguu na uso umevimba, kichwa kinauma na macho yanaona nyota, damu pungufu, mtoto kalala vibaya, umri mdogo sana au umevuka 35, hapo usicheze, nenda penye tieta saa ishirini na nne na sehemu ya kulelea njiti. Huku maana yake ni hospitali ya mkoa, ya kanda, au misheni kubwa kama Ndanda na Nyangao. Kifafa cha mimba hakiangalii umelipia chumba gani. Mama akivuja damu baada ya kujifungua ana muda mfupi sana, sasa umuweke ndani ya gari toka kituo kidogo mpaka kikubwa kwa barabara ya vumbi usiku, unafanya hesabu mbaya.

Upande wa visu nao una mambo mawili. Serikalini unaweza kucheleweshewa upasuaji uliohitajika kwa sababu tieta ni moja na mbele yako kuna ajali. Binafsi unaweza kupasuliwa bila sababu ya kutosha, maana upasuaji unaingiza zaidi na una saa maalum, dokta hakeshi. Shirika la Afya Duniani toka 1985 linataja asilimia 10 hadi 15 ya wanaojifungua kuwa ndo wanaohitaji kisu. Ukisikia sehemu karibu kila mama aliyelipia katoka na mshono, jua kuna namna. Uliza sababu, iandikwe kwenye kadi, maana hiyo sababu itaamua mimba inayofuata utajifungulia wapi.

Namba ya kuweka kwenye simu ya kila mtu ndani ya nyumba ni 115, ni bure, ndo mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga. Kwa watu wa Msimbati, Kitaya, Mahuta huko, hii ni muhimu kuliko mjadala wote wa serikali na binafsi, maana gari inakuja kwa utaratibu wa kukupeleka kituo chenye uwezo.

Hela na bima

Ukiwa na NHIF, ile bima ya afya ya taifa, milango karibu yote inafunguka, ila isikulevye. Mwezi wa tatu 2024 kitita kipya cha malipo, yaani bei ambazo NHIF inazilipa hospitali, kilipoanza baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kupokea kadi, watu wakajikuta getini na bima mkononi. Serikali waliendelea kupokea. Kwa hiyo hata kama umezoea binafsi, kuwa na faili serikalini. Ile CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, iliyoanza kwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, yenyewe ilijengwa kwa vituo vya serikali kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa, usiibebe kwenda kliniki ya mtu.

Kwa wa fedha taslimu, binafsi mtego uko kwenye bili ya kidogo kidogo. Kumuona dokta bei sio mbaya, alafu kipimo, kipimo, sindano, kitanda, kila kitu kina bei yake, na hakuna aliyekwambia jumla. Sema mapema: "Dokta, mi nina kiasi hiki, naomba tuanze na kipi cha lazima?" Wengi watakuelewa na wala hutaonekana maskini. Misheni wanataka hela ya kuanzia lakini bei zao mara nyingi zinaeleweka, zinabandikwa. Serikalini ukikwama kabisa kuna ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, hapo ndo msamaha wa matibabu unaamuliwa, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki yake pale. Wengi wanatoroka wodini kwa kuogopa bili wakati ofisi iko korido ya pili. Binafsi hiyo ofisi hakuna.

Rufaa nayo. Usiruke ngazi ukaenda Mitengo kwa mafua, utalipa zaidi na bima inaweza kukukatalia kwa kukosa karatasi ya rufaa. Na kama unafikiria "nikizidiwa ntaenda Dar", kumbuka ni kama kilomita 560 toka Mtwara mjini, na kumbuka mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika kule Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, mikoa miwili tukabaki tunaangaliana. Siku zile hata mwenye hela za korosho zote alitibiwa na kilichopo huku huku.

Ukidhulumiwa

Serikalini kuna pa kwenda, mganga mfawidhi, mganga mkuu wa wilaya, wa mkoa, namba ziko ukutani, na diwani wako ana sauti. Inachukua muda ila malalamiko yanaacha alama. Kituo cha binafsi bosi ndo mwenye jengo, ndo dokta, ndo mpokea malalamiko. Lakini nao wamesajiliwa wizarani na cheti kinatakiwa kionekane ukutani, na daktari yeyote yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Kituo ambacho huoni cheti cha usajili wala jina la msimamizi, ondoka. Zile nyota za ubora zilizoanza 2015 vituo vilipopimwa kuanzia sifuri mpaka tano zilitufundisha kitu, vituo vingi vya ngazi ya chini viliangukia sifuri na moja, vya serikali na vya watu binafsi vyote vilikuwemo. Rangi ya ukuta haikusaidia.

Presha na sukari

Nimeacha hii mwisho maana ndo ninayoishi nayo. Mgonjwa wa kila mwezi binafsi atakufilisi taratibu, elfu kumi ya dokta, kipimo, dawa, miezi kumi na miwili, miaka na miaka. Mama yangu tunampeleka kliniki ya serikali siku yake, anapimwa, anaandikiwa, zikikosekana dawa tunanunua famasi kwa jina halisi. Akipata kitu cha ghafla kidogo, kikohozi, vidonda vya tumbo, tunampeleka hapo jirani kwa dokta wa binafsi asikae benchi tangu alfajiri na magoti yake yale. Akiishiwa pumzi usiku hatugongi geti la mtu, ni bajaji mpaka Ligula. Na daftari la kliniki anaenda nalo popote, hata kwa huyo wa binafsi, maana dokta mpya asipojua anameza nini atamwandikia dawa ile ile kwa jina lingine la kampuni, na mama nae kwa utii wake atameza zote mbili.